Mpe Jembe, na Shamba Je?

Watu wakinikuta hapa Olmotonyi huniuliza habari za mbao. Paini huvunwa ikiwa na miaka mingapi, mkaratusi unauzwaje siku hizi, grevilia inafaa mpakani au itagombanisha majirani. Siwalaumu. Upande huu wa Mlima Meru kuna chuo cha misitu, kuna msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, na ukipanda juu kidogo unaingia kwenye mashamba ya miti ya serikali. Mtu aliyekula mshahara wa misitu mpaka akastaafu ataulizwa nini kingine? Ila mimi nikipewa mkao mzuri na chai ya moto, habari ninayopenda kuisimulia ni ya wakimbizi.

Uhusiano wenyewe si wa ajabu. Mkimbizi akishavuka mpaka na kupata maji ya kunywa, hitaji linalofuata ni mti: nguzo za kibanda, fito, kamba za magome, kuni. Kwa hiyo bwana miti humfikia mapema, na mara nyingi humfikia akiwa amenuna. Nami nilifika nimenuna. Nilipopangiwa Tabora nikiwa kijana, miaka ya mwanzo ya 1990, mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kupeleka miche Ulyankulu, walikoishi Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Tulipakia viriba vya mikaratusi, maana hesabu za ofisini zilisema wakulima wa tumbaku wanahitaji kuni za mabani ya kukaushia. Wakaipokea kwa adabu, wakaishusha, wakaimwagilia. Kisha mzee mmoja akaniuliza, “Bwana miti, hii tumeipata, ahsante. Grevilia je? Na miembe ya kubebesha mnayo?”

Nyuma ya nyumba ya jirani yake nikaonyeshwa kitalu cha mama mmoja. Hakikuwa na kibao cha mradi wowote. Kilikuwa na michungwa aliyoiotesha kwa mbegu, midimu, na mibuni michache chini ya kivuli cha majani ya migomba. Mchungwa wa mbegu hukaa miaka saba, hata minane, kabla haujakupa chungwa la kwanza. Tangu siku hiyo kila nilikopelekwa kwenye makazi au kambi, nilitazama kwanza watu wameotesha nini. Papai ni tunda la mwaka. Mchungwa hupandwa na mtu aliyekwisha kuamua kukaa, na aliyeambiwa, au walau hakukatazwa, kwamba atakaa.

Historia yao kwa ufupi ni hii. Mwaka 1972, chini ya utawala wa Michel Micombero, jeshi la Burundi liliua Wahutu wengi mno, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Makadirio huanzia watu 100,000 na kupanda zaidi ya hapo. Waliookoka wakakimbilia Zaire, Rwanda na kwetu. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikawatengea mapori ya miombo katika mikoa ya magharibi, mahali penye mbung'o na watu wachache: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba upande wa Mpanda mwaka 1973, na Mishamo, Mpanda vilevile, mwaka 1978. Kazi waliifanya watatu: serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, na TCRS, shirika la Kikristo lililo chini ya Walutheri wa dunia. Kila kaya ikapewa ardhi, jembe, mbegu, na chakula cha kuwavusha mpaka mavuno. Mavuno yalipokuja, mgao ukapunguzwa, halafu ukaondolewa kabisa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mashirika yalikuwa yamekabidhi kila kitu kwa serikali na kuondoka, kwa sababu watu walikuwa wanajilisha na kuuza ziada: mahindi, maharage, mihogo, na tumbaku iliyosifika.

Wazungumzaji wa majukwaani wakifika hapa hupenda kukariri methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu. Sipingani na wahenga. Ninachouliza ni jembe hilo atalitia wapi. Warundi wa Ulyankulu hawakuwa na mikono tofauti na ya wakimbizi wengine niliowaona baadaye wakipanga foleni ya unga. Walikuwa na ekari.

Walichofanya na ekari hizo hakikuandikwa na mtaalamu yeyote. Walikuja na desturi yao ya ikibiri, kulimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na pombe ya ndizi jioni. Wakaitumia kung'oa visiki, kisha kufyatua matofali, kisha kuezeka. Wazee walinisimulia kwamba sehemu nyingi kanisa lilitangulia, na lilipokamilika likawa darasa siku za wiki, mpaka darasa la kweli lilipopatikana. Waliokuwa wamesoma kidogo wakageuka walimu. Aliyekuwa fundi seremala Bururi, kwao Burundi, akawa fundi seremala Ulyankulu, na vijana wakamzunguka. Tumbaku ikaleta vyama vya ushirika, na vyama vikaleta baiskeli. Nilipofika mimi, ungeweza kuzunguka siku nzima usipate kuona neno “mkimbizi” limeandikwa popote isipokuwa ofisi ya Mkuu wa Makazi.

Ofisi hiyo nayo tusiipambe. Mtu hakutoka nje ya makazi bila kibali. Mkuu wa Makazi alikuwa mteule wa serikali, na kauli yake ilizidi ya mzee yeyote aliyechaguliwa na kijiji. Ulyankulu yenyewe ilipangwa vibaya: watu walijazwa kupita uwezo wa udongo na maji, na Mishamo ilipofunguliwa maelfu walihamishiwa huko, wakaanza upya kukata pori kama walivyokwisha kulikata mara moja. Aliyepanda mchungwa mwaka 1973 aliuacha ukiwa ndio kwanza unachanua. Nimekutana na watu waliotoka Ulyankulu kwenda Mishamo, na hasira yao juu ya hamahama ile ilizidi hasira yao juu ya vita.

Halafu likaja jambo la uraia, ambalo kwangu ndilo fundisho kubwa kuliko yote. Mwaka 2007 wakazi wa makazi hayo matatu, watu wapatao 218,000, waliulizwa mmoja mmoja: unarudi Burundi au unaomba uraia wa Tanzania? Karibu wanne katika kila watano walichagua Tanzania, na wengi wao walikuwa wamezaliwa humu humu. Kufikia mwaka 2010 serikali ilikuwa imewakubalia zaidi ya 160,000. Ni nadra sana duniani nchi kuwapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mpigo, na sisi Watanzania hatujivunii inavyostahili. Lakini kulikuwa na sharti: makazi yafungwe, raia wapya watawanywe mikoani. Vyeti vikazuiliwa. Kwa miaka hiyo minne ya kungoja, hakuna aliyejua kama nyumba yake itakuwa yake msimu ujao. Shule hazikukarabatiwa, kwa nini ukarabati jengo la mahali panapofungwa? Rafiki zangu waliokuwa bado kazini huko waliniambia kwamba miche haikuchukuliwa. Watu walewale, udongo uleule, jembe lilelile. Oktoba 2014 Rais Kikwete akaanza kugawa vyeti, wazo la kuwatawanya likawekwa kando, na watu wakarudi kujenga.

Nimewahi kuona kinyume chake pia. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokaribia robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda usiozidi siku mbili, wakatua Benaco, Ngara, mkoani Kagera. Maafisa misitu tuliokuwa mikoa ya jirani tuliitwa kusaidia. Hesabu za wakati ule zilisema kambi za Kagera zilichoma zaidi ya tani 1,000 za kuni kwa siku. Vilima vikabaki vipara, tukabaki na faili za malalamiko. Na hawa walikuwa wakulima wa milimani, jamaa wa wale wa Ulyankulu kwa lugha na kwa kilimo, watu ambao kwao hawakati mti bila kufikiri wa kuziba pengo. Ila hawakuwa na shamba, na hakuna aliyewaahidi kesho. Desemba 1996 waliamriwa warudi kwao wote kabla mwaka haujaisha. Nani angeotesha mchungwa Benaco?

Msomaji wa Arusha atasema hayo ni ya magharibi, mbali. Basi tupande daladala tuelekee Tengeru. Pale kwenye eneo la chuo cha mifugo, si mbali na Ziwa Duluti, kuna makaburi ya Wapolandi wapatao 150. Vijana wengi hupita barabara ya Moshi kila siku bila kujua kwamba kati ya 1942 na mwanzo wa miaka ya 1950 hapo palikuwa na mji wa wakimbizi wapatao 5,000, mkubwa kuliko makazi mengine yote ya Wapolandi Afrika. Stalin aliwahamishia Siberia na Kazakhstan kwa nguvu mwaka 1940 na 1941. Hitler alipomgeuka, wakaachiwa, wakapita Uajemi, na karibu 18,000 kati yao, wengi wao wanawake na watoto, wakaletwa Afrika Mashariki na Kusini kwa meli. Hapa Tanganyika waliwekwa Tengeru, Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro.

Walikuta vibanda vya msonge vilivyopakwa chokaa na kuezekwa nyasi, vilivyojengwa na Waafrika. Kilichofuata walikifanya wenyewe. Kina mama walimu, na walimu walikuwepo kwa sababu Stalin naye alipenda kuwakamata waliosoma, wakafungua shule kuanzia ya msingi hadi sekondari, za ufundi na kilimo, kwa lugha yao na mtaala wao. Wakawa na hospitali, karakana za kushona na kufuma, shamba la mboga na mifugo, tamthilia, skauti, kanisa Katoliki, kanisa la Kiorthodoksi na sinagogi. Kamanda alikuwa Mwingereza, fedha zilitoka kwa serikali yao iliyokuwa uhamishoni London, lakini mambo ya kila siku yaliendeshwa na Wapolandi wenyewe. Mwaka 1945 Uingereza ilipoacha kuitambua serikali hiyo, mashirika ya kimataifa yakachukua gharama, na mji ukaendelea kwa sababu uendeshaji haukutegemea ofisi ya London.

Nakubali kwamba walitendewa kama Wazungu katika koloni la Wazungu. Linganisha na yaliyotokea upande wa pili wa mlima. Mwaka 1951, Tengeru ikiwa bado na wakazi, serikali hiyo hiyo ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 Ngare Nanyuki na Leguruki ili kuwapisha walowezi wachache wa ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Watu wakawa wakimbizi chini ya mlima wao wenyewe, bila shirika, bila kamanda, bila mgao. Na walichofanya ni hichohicho: walijipanga, wakachanga senti kwa senti, wakamlipia nauli mwenzao Kirilo Japhet na kumpata wakili Earle Seaton aliyekuwa Moshi, na mwaka 1952 Kirilo akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa New York kueleza kesi ya ardhi ya Wameru. Hakuna mfadhili aliyewaandikia andiko la mradi huo. Nikisikia semina za “kuwajengea uwezo” watu waliofukuzwa makwao, humkumbuka Kirilo nikacheka peke yangu.

Wapolandi wengine walipelekwa Uganda, ndani ya msitu wa Budongo wilaya ya Masindi. Kanisa walilojenga kwa mikono yao Nyabyeya limesimama hadi leo, na jirani yake kuna chuo cha misitu cha Uganda, ndugu wa hiki chetu. Mtu wa misitu hawezi kuepuka wakimbizi hata akitaka.

Kutoka Masindi ukienda kusini magharibi, si mbali na Ziwa Albert, unafika Kyangwali. Hayo ni makazi ya wakimbizi, wengi wao Wakongo, na wengi wa Kongo ile ya mashariki ambako Kiswahili kinazungumzwa sokoni na kanisani. Uganda huwapa wakimbizi viwanja vya kulima, na sheria yake ya mwaka 2006 inawaruhusu kutembea na kufanya kazi. Mwaka 2005 kundi la vijana waliokulia humo lilianzisha kikundi walichokiita COBURWAS, jina lililokusanya herufi za Kongo, Burundi, Uganda, Rwanda na Sudani, ili asije mtu akasema ni cha kabila fulani. Joseph Munyambanza, mmoja wa waanzilishi, alikuwa bado kijana wa shule. Shida yao ilikuwa moja na ya wazi: sekondari ilikuwa mbali, mjini Hoima, na mtoto wa mkimbizi hakuwa na pa kulala. Hawakuanza kwa kuomba fedha. Wazazi walilima mahindi na maharage yakawa chakula cha wanafunzi, wakapanga hosteli Hoima, na watu wazima wakajitolea kuwapikia watoto. Baadaye ikaja shule ya msingi yao wenyewe ndani ya makazi, na wahitimu wa kwanza wakaenda vyuo vikuu, wengine hata nje ya Afrika, na wapo waliorudi kufundisha.

Kinachonivutia hapo ni mahindi. Hosteli ile isingekuwepo kama wazazi wasingekuwa na kiwanja cha kulima ziada. Na ndipo pananitia wasiwasi kwa Uganda ya leo. Kwenye makazi kama Bidibidi, yaliyofunguliwa mwaka 2016 kwa ajili ya Wasudani Kusini, kiwanja ni mita 30 kwa 30, nyumba na choo humohumo. Hapo unaweza kupanda mchicha na bamia, ukabakiza nafasi ya papai moja. Ziada ya kulipia karo haitoki.

Jambo la fedha nitalipita haraka, maana linachosha. Vikundi vya wakimbizi wenyewe hupata kiasi kidogo sana cha misaada, na sababu zake ni za kiofisi: mfadhili anataka usajili, akaunti ya benki, hesabu zilizokaguliwa, na kiongozi mwenye kitambulisho ambacho benki inakitambua. Mkimbizi mara nyingi hana hata kimoja. Mwaka 2016 wafadhili wakubwa waliafikiana kwamba robo ya fedha ziyafikie mashirika ya wenyeji na ya kitaifa ifikapo 2020. Mwaka ukafika, robo haikufika. Maneno mazuri hatujapungukiwa kamwe. Hapa Arusha, Mei 1979, Afrika nzima ilikutana kwa ajili ya wakimbizi tu, na mkutano ule uliweka misingi ambayo bado inasomwa vyuoni.

Tumalizie Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliotoka Kivu, na baadaye ikapokea Warundi wa mwaka 2015. Kuna watu wazima humo, wazazi sasa, ambao hawajawahi kuishi penginepo. Kisheria hawatakiwi kutoka zaidi ya kilomita nne bila kibali. Hata hivyo wamechagua wenyeviti wao, wana sungusungu wanaolinda usiku, walimu wao wanafundisha mtaala wa Kongo, kwaya zao zinashinda kwaya zetu, na kando ya vibanda utaona matembele na mchicha vimeota ndani ya magunia ya unga. Wanafanya kila kinachoweza kufanywa na mtu asiye na ekari.

Malalamiko ya misitu yapo, na mimi si mtu wa kuyafumba. Kuni zinakatwa. Lakini kila nikiulizwa kama wakimbizi wamemaliza pori la Kasulu, huuliza pia mkaa wa mjini unachomwa na nani, na tumbaku inakaushwa kwa kuni za wapi. Majiko banifu ya udongo yamesaidia. Vitalu vimesaidia pia, pale ambapo mtu aliulizwa anataka mche gani kabla lori halijapakiwa.

Ningeruhusiwa kurekebisha kanuni moja tu, nisingegusa zile kubwa za uraia na mipaka, ambazo zina wenyewe Dodoma. Ningeanza na soko. Hapo awali Nyarugusu ilikuwa na soko la pamoja, ambako mkulima wa kijiji jirani cha Makere alileta ndizi na mihogo, na mkimbizi akaleta nguo alizoshona, sabuni aliyochemsha na ufundi wa kutengeneza redio. Kwa muda hata mgao ulitolewa kwa fedha taslimu badala ya magunia, na fedha hizo ziliishia vijijini. Mpango wa fedha ukasimamishwa mwaka 2017, masoko ya pamoja yakafungwa baada ya hapo. Waliokwenda kulalamika hawakuwa wakimbizi peke yao. Wakulima wa vijiji vya jirani walikuwemo, kwa kuwa ndizi zao zilikuwa zinawaivia nyumbani.